Wavuvi Watatu Wenye Shoto

Jumanne, 14 Oktoba. Mwaka na miezi saba tangu nitoke Pangani.

Bado naona wale wavuvi wana kasoro. Leo ghalani tulikuwa tunapakia picha za kale za Kiholanzi, zilizochapwa kwenye karatasi. Moja ina wazee watatu wanashona nyavu ufukweni, na wote wameshika sindano kwa mkono wa kushoto. Mimi nimekulia kwenye nyavu. Kwetu mwenye shoto nilimjua mmoja tu, marehemu baba mdogo. Nikamwambia msimamizi, hii ni bandia.

Hakucheka. Aliniuliza jina langu la ukoo, akaliandika, akaondoka.

Aliyecheka ni Wafula, Mkenya ninayebeba naye mizigo. "Kaka, umejiponza! Mchoraji anachonga kwenye bamba la shaba. Likigandamizwa kwenye karatasi, kulia kunakuwa kushoto, kama muhuri."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Kwani uliniuliza?"

Huenda ni kweli. Lakini kama ni kweli, jina langu la nini? Na Wafula alikuwa anamnong'oneza nini msimamizi wakati wa chai? Mkataba wangu unaisha Ijumaa, na Wafula ana binamu anayetafuta kazi. Njia nzima kurudi Thamesmead, ninakoishi huku ugenini, nimewaza hilo tu.

Nimechoka kuchungulia nyuso za watu. Wakinifukuza Ijumaa, nitakuwa Pangani kabla ya mwezi huu kwisha. Wasiponifukuza, nafanya kazi hadi Ramadhani ikaribie, nafunga nyumbani, na huku sirudi tena.