Taa ya Oili Njiani Kutoka Ilagala

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mwanga tu wazima; mama yako amerudi sokoni, goti halimsumbui tena.

Unauliza kama unaweza kuendelea kuendesha gari huku taa ya oili inawaka. Mwaka ule tulipokimbia Burundi, uchungu wa kumzaa mama yako ulinishika Ilagala. Dereva mmoja, Zakaria, akanipakia kwenye pikapu yake anipeleke hospitali Kigoma. Njiani taa hiyo ikawaka, akazima injini.

“Twende, baba, nitazalia hapa!” nikalia.

“Tukienda injini itakufa, mama. Nivumilie.”

Akaingia chini ya gari, akafungua sampu, lile bakuli la oili. Chujio la ndani lilikuwa limeziba kwa tope jeusi, injini haipati oili. Akaliosha kwa mafuta ya taa. Nikampa khanga niliyomwekea mtoto, akachujia oili ileile na kuirudisha. Alipowasha gari, taa ikazimika. Nilicheka huku nalia. Mama yako akazaliwa hospitali, mikononi mwa mkunga.

Basi simama, mwanangu, umwite fundi. Siku ile nilimkasirikia sana Zakaria kwa kusimama. Mpaka leo namwombea.

Bibi yako akupendaye,
Bibi Joselina