Nafasi ya Mama Dunguni

Mbwera, Jumanne

Naogopa. Mama ana mimba ya miezi minane, miguu imevimba, hawezi tena kupanda dunguni, kile kibanda cha juu ya miti shambani, kuwinga ndege wasile mpunga. Baba amesema kesho niende mimi, mpaka mavuno. Mtihani wa muhula unaanza Jumatatu. Nikiukosa nitarudia darasa. Tena huko viboko hupita chini ya dungu.

Juzi afisa aliyeandikisha kaya alimuuliza Baba kazi ya Mama. Baba akajibu, "Hana kazi, yupo tu nyumbani."

Leo nimethubutu. "Baba, kama Mama hana kazi, kesho nashika nafasi ya nani?"

Mama akacheka palepale alipolala. "Mjibu mwanao, baba."

Baba akauliza mtihani ni wa siku ngapi. Nimemjibu. Mpaka sasa hajasema kama kesho bado niende, na kapu la shamba nililofungashiwa bado liko mlangoni.