Dawa Niliyomtilia Mdogo Wangu Kwenye Uji

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako na sijui hata nianzie wapi, maana jambo lenyewe nimelisema mbele za Mungu tu, na Yeye hajibu kwa barua.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Masomo yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo ukikuta nimekosea mambo ya kitaalamu univumilie. Naishi na mume wangu pamoja na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, ambaye nyumbani tunamwita Kasuku kwa sababu tangu utoto alikuwa akiongea mchana kutwa na akilala anaendelea. Mama yetu alifariki Kasuku akiwa na miaka minne, aliondoka kwa tumbo la kuendesha, siku tatu tu, mimi binti wa miaka kumi na sita nimemshika mkono na ndani hamna kidonge hata kimoja, na tangu siku hiyo nikaapa kwamba nyumba nitakayoishika mimi haitakosa dawa.

Ndiyo asili ya kopo langu la dawa. Ni kopo la bati la biskuti, linakaa juu ya kabati la vyombo, na sheria yake kwetu kila mtu anaijua: ukiandikiwa dawa hospitali ukapata nafuu kabla hazijaisha, zilizobaki unazirudisha koponi zimfae mwingine. Wifi yangu huleta zake, jirani huleta zake, na mume wangu hunitania, "Mke wangu, madaktari wakigoma watakuja kukuchukua wewe," nami hucheka lakini moyoni najivunia. Vingi humo ni vile vidonge vya rangi mbili vya kuua vijidudu.

Sasa mwaka jana Kasuku akaanza kusumbuliwa na tumbo. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo, wale wanaofundishwa kwa kuimba, na yeye na vidonge hawapatani, tangu mdogo akimeza anatapika. Nikamtolea viwili koponi, akanirudishia, akasema, "Dada, tumbo langu si jalala. Litapoa lenyewe." Mshauri, nilimwona mama pale. Kesho yake asubuhi nikafungua kidonge, nikamwaga unga wake kwenye uji, nikazidisha sukari na limau asisikie uchungu, akanywa akasema leo umepatia, na siku ya tatu tumbo likatulia, nikapiga magoti nikashukuru na nikajiona mwerevu. Likarudi, nikarudia. Likarudi tena, nikarudia tena, hivyo hivyo miezi minane, leo kidonge cha rangi hii kesho cha rangi ile, kwa kadiri kopo lilivyojaliwa, na yeye hajui hata moja.

Hapo katikati akaanza kunyamaza. Mama mmoja aliyekuja kupima sare ya mwanawe ndiye aliyeniambia, "Fundi, huyu wangu anasema mwalimu siku hizi haimbi, anawapigia makofi tu." Nyumbani anarudi, anavua viatu, analala na nguo za kazini. Sketi zake nimezipunguza kiunoni mara tatu. Nikamwambia ni upungufu wa imani, azidi kusali, akanijibu, "Nasali, dada. Ni kama kuongea kwenye simu iliyokatika," nikamkemea kwa maneno hayo na nikawaita kina mama wenzangu wa maombi wakamzunguka saa nzima, yeye amekaa katikati kama mtu anayesubiri mvua iishe. Siku nyingine natia uzi kwenye sindano, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kama kesho asingeamka asingeona hasara. Nikamwambia asikufuru, tukaendelea na kazi.

Juma lililopita mume wangu akachoka, akasema twendeni hospitali. Daktari alikuwa mama mpole, akatueleza kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu mna vijidudu visivyohesabika, na vingi si maadui, ni wapangaji wema wanaosaidia kusaga chakula na kuulinda mwili, na wana mawasiliano na ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu na ya damu, ndiyo maana tumbo likivurugika kwa muda mrefu wakati mwingine hata moyo wa mtu hubadilika. Akasema dawa ya kuua vijidudu haichagui, inafyeka wema na wabaya, na wabaya wengine ndio hupata nafasi ya kutamalaki. Kisha akamuuliza Kasuku, "Miezi ya karibuni umetumia dawa zozote za namna hiyo?"

Kasuku akasema, "Mimi, daktari? Muulize dada yangu, vidonge na mimi ni paka na maji."

Daktari akanigeukia. Mume wangu naye akanigeukia. Nikasema, "Ni kweli. Hatumii."

Akaandika kwenye faili. Tumeambiwa turudi Alhamisi ijayo na kikopo cha choo kwa ajili ya vipimo. Tangu siku hiyo sijatia kitu, lakini Kasuku hataki chakula cha mtu mwingine, ananiambia, "Uji wako tu ndio unaonishuka, dada," nami nakoroga huku machozi yananitoka nasingizia moshi, na jiko letu ni la gesi.

Ninachouliza ni hiki. Naweza kuacha kimyakimya, nikampa maziwa ya mtindi na mboga vijidudu wema warudi, nikatubu kwa Mungu ambaye anajua yote? Au ni lazima niseme? Nikisema atabaki na nani, maana mama yake ni mimi. Na je, ni mimi niliyemharibu akili mdogo wangu kwa mkono wangu?

Ni mimi dada mtu, fundi.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu fundi,

Umeniandikia mengi kuhusu vidonge, na neno zito kuliko yote ukalipitisha haraka haraka kati ya uzi na sindano. Mdogo wako alikuambia kwamba asipoamka haoni hasara. Hiyo si kufuru, mama. Ni ugonjwa, ulikuwa unaomba msaada, nawe ukaufunga mdomo. Kwa hiyo habari ya kungoja Alhamisi ifute. Mpelekeni leo, barua hii ikikufikia asubuhi nendeni asubuhi, na msimwache peke yake hata kidogo. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Kunampa mlango wa kutokea.

Sasa uji. Pole kwa mama yako. Msichana wa miaka kumi na sita hakustahili kuyaona aliyoyaona, na sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa kuwa aliyekuwa mgonjwa ni woga wako, ukamtibu Kasuku. Alikukatalia kwa mdomo wake, mtu mzima, mwalimu, ukampitia nyuma ya kijiko. Usiuite huo upendo peke yake, ndani yake kulikuwa na kiburi pia, na unakijua, umekiandika mwenyewe.

Umeuliza kama ndiwe uliyemharibu akili. Kabla ya kukujibu nilimuuliza tabibu ninayemwamini. Anasema aliyowaeleza daktari wenu ni kweli, tumbo na ubongo husemezana, lakini wataalamu bado wanachunguza jinsi vinavyosemezana, na huzuni kama ya Kasuku huwa na mizizi mingi. Hakuna wa kukuapia kwamba ni vidonge, wala wa kukuapia kwamba sivyo. Itakubidi uishi bila jibu hilo. Analolijua kwa hakika ni kwamba dawa hizo zikitumiwa ovyo zinaweza kuleta kuhara kulekule ulikokuwa unakutibu, tena kwa ukali wa hatari, na ndiyo maana daktari aliuliza. Hakuuliza kwa umbea. Sasa anamtafuta mgonjwa gizani, na taa umeikalia wewe.

Mungu anajua, ndiyo. Lakini Mungu haandiki kwenye faili la hospitali. Kutubu kwako kusikomfikia daktari kutamwacha Kasuku palepale alipo. Na hayo maziwa ya mtindi anywe akipenda, ni chakula kizuri, ila usitoke kwenye udaktari wa kopo ukaingia kwenye udaktari wa mtindi. Daktari akimwandikia dawa ya huzuni, aitumie kwa kuijua, na wewe usiiguse.

Mwambie Kasuku kwanza, kabla hamjatoka nyumbani, mumeo akiwepo, kwa sababu baada ya hapo atahitaji mtu wa kukaa karibu naye ambaye si wewe. Tumia maneno machache: nilikutilia dawa kwenye uji, kwa miezi minane, bila kukuambia, na mbele ya daktari nikadanganya. Basi. Usilie mpaka yeye aanze kukubembeleza, na usimwombe msamaha siku hiyohiyo ukangoja jibu. Aliyeumizwa asibebeshwe kazi ya kumfariji aliyemuumiza. Hospitalini yaseme yote tena, na vidonge vyote vibebeni vilivyo, waone ni vya aina gani, kisha waachieni wao. Wifi yako na jirani waambie kuanzia sasa kila mtu atumie dawa yake kama alivyoelekezwa, hakuna cha kubakiza.

Akikufokea, nyamaza usikie. Na ulimi wako ukikimbilia kumtaja mama yenu ili ujitetee, uuzuie. Kasuku naye alifiwa na mama huyohuyo, na hata sura yake hakubahatika kuikumbuka. Wewe angalau una kumbukumbu ya kukuogopesha.

Huenda asile tena kilichotoka mkononi mwako, kwa mwezi, kwa mwaka, au moja kwa moja. Huenda akahamia kwingine, na itakuuma kuliko chochote ulichopata kuumwa nacho. Sitakudanganya kwamba haitatokea. Lakini nikipima kati ya Kasuku aliye hai anayekukasirikia na Kasuku anayekusifia uji huku anazimika, sioni cha kupima.

Zima cherehani, dada yangu. Kamwambie sasa.