Besi ya Kibogoyo

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimefufuka! Mjukuu wangu — mke mdogo, namwita hivyo makusudi ili bibi yake anune — kaleta wenzake sebuleni kufanya mazoezi ya kuimba. Nikajua ni kelele tu, nikajisogeza nikalale. Mara nasikia — wimbo wetu! Ule tuliorekodi ujanani. Ulikuwa wa mama yangu, akiuimba akifua nguo. Sisi tukautia gitaa la umeme na dramu, redio zikaupiga mpaka zikaukinai.

Lakini hawa gitaa hawana. Dramu hawana. Midomo tu! Mmoja anatema mate, pu-tsi-ka, pu-tsi-ka, eti hiyo ndiyo dramu. Wawili wanavuta uuuu, kama upepo chini ya mlango. Muuza nyama wa pale kona ndiye besi — besi yangu mimi! — dum, dum, kwa koo. Na mke mdogo juu yao wote.

Ajabu. Kumbe magitaa yetu yalimfukuza mama kwenye wimbo wake. Leo nimemsikia, na povu lake mikononi.

Wakafika ubeti wa tatu. "Sima— sima— sima—" halafu hop! wakarukia kibwagizo. Wote kwa pamoja, vichwa vinadunda. Nilicheka hadi meno ya bandia yakanidondokea mapajani. Wamejifunza kwenye santuri yangu! Pale ina mkwaruzo — mama watoto aliwahi kuifunikia mtungi wa maji. Sindano inaruka, nao wakadhani ndio ufundi wetu. Sijawaambia. Inapendeza, mashetani wale.

Ila ubeti ule uliorukwa ni wa mama watoto. Yeye ndiye aliyeuimba. Jikoni nilisikia mfuniko umeanguka.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Muuza nyama kakaukiwa sauti, anauza maini kwa ishara. Onyesho Jumapili! Mke mdogo machozi tele.

Nikamwambia, besi mwenyewe si huyu hapa?

"Babu, acha masihara."

Nikajaribu na meno yangu: fyuuu! Birika linachemka. Nikayatoa, nikayatumbukiza kwenye kikombe — DUM! Vioo vya kabati vikatetemeka. Mate yaliruka kidogo, sikatai. Kijana wa dramu alijifuta shavu, akasema hajasikia kitu kama kile kwa binadamu. Nimeajiriwa!

Alhamisi, 6 Machi
Mama watoto kagoma.

"Upande jukwaani kibogoyo, mbele ya wateja wangu? Wanawake ninaowapima magauni?"

Nikasema, watakuwa wanasikiliza, si kuhesabu.

"Ukiyatoa hadharani, usiku ukalale kwa huyo wa dramu."

Nikaanza: na yako je... Akanitolea jicho! Maana meno yake pia ni ya bandia, juu na chini. Tunajua wawili tu. Wajukuu wanadhani Mungu kampendelea. Na tangu ayaweke haimbi, hata jikoni. Kila "s" inampigia mluzi, na ubeti wake umejaa hizo hizo.

Nilikuwa na utani mzuri sana hapo. Nikaumeza. Sijui nina homa.

Jumamosi, 8 Machi
Mazoezi. Meno kikombeni, raha mustarehe. Tumefika ubeti wa tatu, tunaruka kama vyura — mama watoto huyo, katoka jikoni na mwiko!

"Nyie! Hapo mnapokwama kama gari bovu, pana maneno."

Mke mdogo akauliza, maneno gani, bibi?

"'Simama usiende, sijasema bado.'" Kayasema tu, midomo kaibana.

"Umeyajuaje?"

Nikadakia: kwani sauti ile ya kwenye santuri mnadhani ni ya nani? Ya mbuzi?

Walimtazama kama vile paa limefunuka. Mke mdogo kamshika mkono. "Bibi, basi uimbe wewe! Nakuomba!"

Akasema ana gauni la mtu la kupindwa. Akarudi zake jikoni, na gauni lenyewe kaliacha mezani.

Vijana wameamua hivi: wataruka vilevile, wameshauzoea mruko wao. Halafu wanyamaze kidogo. Mwenye la kusema aseme.

Jumapili, 9 Machi
Naandika nyuma ya pazia, goti ndiyo meza. Ukumbi umefurika! Wanaotutangulia wanalia kama paka wamefungiwa stoo — tutawala wazima wazima!

Meno bado yamo. Mke mdogo ananisukuma: "Babu, yatoe!" Nachungulia. Mama watoto alikaa mbele kabisa, gauni la buluu, kajipamba. Sasa kiti kitupu! Kaondoka. Kaona bora asishuhudie.

Basi, sitoi. Nitapiga mluzi wangu, waniite birika. Miaka yote ile kanivumilia na makubwa kuliko haya.

Wanapigiwa makofi wale paka. Zamu yetu.

Ha! Huyo anakuja, kapitia mlango wa pembeni! Mkono mdomoni. Vijana wamemwachia njia. Kanitia leso kiganjani, imefungwa fundo. Ndani kuna vitu vigumu. Bado vina joto.

"Simama basi," kasema.

Ile "s" haikupiga mluzi hata kidogo! Mke mdogo kaacha mdomo wazi. Nami nafungua fundo, natia meno yangu humohumo, yatajuana yenyewe — pazia hilo linavutwa, mkono wake kwenye kola yangu, anani—