Nilivyokariri Hadi Picha ya Mkonge

Mjukuu wangu Salma,

Hili sijawahi kumwambia mtu: mwaka jana nilikariri daftari zima la Historia ya Tanzania bila kuelewa hata ukurasa mmoja. Nakwambia wewe kwa sababu umeniuliza nilijiandaaje kwa mtihani wa Historia, na mtihani huo haumwachi mwanafunzi yeyote; utaufanya na wewe.

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba, ingawa nina miaka kumi na sita tu. Kuwa mdogo wake bibi yako kumenizeesha mapema. Hapa Masuguru hatujambo. Bibi yako yuko Handeni, anavuna mahindi.

Wiki moja kabla ya mtihani, rafiki yangu Zubeda aliuliza kwenye kikundi chetu cha kujisomea, "Kwa nini wakata mkonge waliletwa kutoka mbali?"

Nikatiririka bila kupumua, mpaka nikasema, kama ilivyoandikwa daftarini, "Tazama picha ya pili."

"Iko wapi hiyo picha, shoga?"

Wote walicheka, wakidhani natania. Mimi peke yangu nilijua kwamba nitafeli.

Nyumbani nikamuuliza mama swali hilohilo.

"Wazigua, wenyeji wa huku, walikuwa na mashamba yao," akasema. "Nani aache mahindi yake akakate mkonge wa mtu? Ndipo wakaletwa akina baba yangu."

"Kumbe babu yumo kwenye daftari langu?"

"Mimi nitajuaje? Daftari ni lako."

Kesho yake nilisimama kikundini, nikaeleza habari za babu kwa maneno yangu. Zubeda akauliza swali jingine. Nikasema jibu lake silijui, nikachukua kalamu, nikarudi kwa mama.

Bibi yako mdogo,
Mwanaidi