Jamvi Lako Limeungua

Shikamoo Babu,

Naandika salamu hii nikijua hakuna wa kuniitikia marahaba. Hapa Chome ukungu umeshuka hadi mlangoni. Bibi anaota moto jikoni.

Babu, jamvi lako limeungua. Siku ya msiba wako akina mama walikosa pa kukalia, wakaliona stoo, wakalitandika uani. Hawakujua kwamba vijana hucheza kriketi juu yake, wala kwamba ulilisuka mwenyewe kwa katani, ulipoacha kucheza na makarani wa shamba la mkonge kule chini ukawa kocha. Mimi nilijua. Lakini mfiwa utamwambiaje anyanyuke? Nilianza, "Mama mkubwa, hilo jamvi..." Akanivuta mkono: "Kaa hapa, mwanangu, ulie." Nikakaa. Kaa la moto likaruka kutoka mafigani, likatoboa pale pale mpira unapodundia.

Jumamosi timu ilikuwa isafiri kwenda Moshi. Wenyeji wetu kule hawana jamvi, na bila lako mpira hudunda hovyo. Nahodha wako, kaka Mbazi, alikuja kulitazama. Aliingiza ngumi kwenye tundu, akalia. Tumejaribu kulishona kwa kamba ya dukani, inakatika. Hakuna aliyejifunza ususi wako. Tulidhani utakuwepo tu.

Nakumbuka safari uliyokwenda nami, jamvi limeviringishwa juu ya basi. Konda akakutania, "Mzee, hiyo maiti nayo inalipa nauli?" Ukamjibu, "Huyu mzima, kijana. Anakwenda kucheza." Basi zima likacheka. Kiwanjani ulilitandika, ukavua viatu, ukatembea juu yake taratibu, ukitafuta mikunjo kwa nyayo. "Mpira ukimrukia mtoto usoni," ulisema, "kosa ni langu."

Jana nami nilivua viatu. Mguu ukazama kwenye tundu. Nikasimama hapo hapo, Babu. Jioni kaka Mbazi aliwapigia simu watu wa Moshi, akawaambia hatuji.

Pumzika, Babu. Siwezi kukuahidi mechi. Wanasema likatwe liwe vipande vya kufutia miguu mlangoni. Hilo sitakubali, hata kama itabidi nipaze sauti. Nitalianika kila jua likitoka. Na nitafumua ukingo wake kidogo kidogo, mpaka nielewe vidole vyako vilipita wapi.

Mjukuu wako,
Naetwe