Mkwe Niliyemkataa

Ujiji, 28 Mei 2015

Mwanangu Ikram,

Sisi wazima, ila goti la shangazi yako. Wakimbizi wa Burundi wamejaa uwanja wa mpira, na bila mimi sijui wangekula nini.

Juzi nikasikia Mturuki anagawa blanketi. Nikavaa kanzu, nikijua ni shehe. Kumbe mwimbaji! Nywele mabegani, gitaa la umeme, kwao anajaza viwanja, hata jela amekaa. Lakini nimemwona kwa macho yangu akimbeba bibi kizee anayeharisha, na dawa kanunua kwa mapato ya nyimbo. Mwanangu, nimechanganyikiwa. Mhuni gani huyu?

Mkalimani wake akaniuliza, "Mzee, kwenu kuna mwanamuziki?"

Mdomo ukanitangulia. Nikajibu mbele ya imamu na majirani, "Mkwe wangu Luqman! Dar nzima inamjua!"

Luqman yuleyule niliyekataa akuoe kwa sababu anapiga muziki. Sasa Ujiji yote inanipa hongera, inauliza harusi lini. Marehemu baba yako kaniachia uwalii wa kukuoza, nami nimeshaozesha kwa mdomo.

Mwambie alete posa Idi ikiisha. Na ajitahidi, Dar imjue kweli.

Ba'mdogo wako,
Abdulkarimu